Kete Moja ya Kona Tupu

Nilimfokea baba mkwe wangu siku ya pili ya msiba wa mwanawe, mbele ya turubai zima, na mpaka leo sijutii. Wanawake wa kijijini kwetu Didia walisema uchungu umenipanda kichwani. Asteria, wifi yangu, alisema huo si uchungu bali ni utovu wa adabu, na aliyasema hayo jikoni kwa sauti ya kutosha ili nisikie. Nilisikia. Nilikuwa na mambo mengine ya kuwaza.

Kisa kilikuwa ubao wa mchezo. Mume wangu, Donatus, aliuchonga mwenyewe kwa kipande cha mninga, akauchora mistari kwa kisu cha moto, ya kwenda na ya kukata, mpaka ukajaa vijumba vidogo. Mchezo wenyewe unaitwa Go. Alifundishwa kule Geita na Bwana Lin, Mchina aliyekuwa akiendesha mashine ya kuchoronga miamba. Lugha iliwapiga chenga wote wawili, lakini jioni walikaa juu ya kreti za soda wakacheza mpaka macho yakashindwa kuona kete.

Kete nyeupe Donatus aliziokota kwenye karasha alikofanya kazi, mahali wanaposaga mawe ya dhahabu. Ni vipande vya lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, akavisugua mpaka vikawa laini. Vumbi la jiwe hilohilo ndilo lililomkausha mapafu. Nyeusi zilikuwa kete za bao za baba yake, Mzee Ngassa, komwe za zamani zilizoshikwa na mikono ya watu wengi mpaka zikaingia weusi. Mzee alimpa siku Donatus aliporudi nyumbani kuugua.

Mimi ndiye niliyebaki wa kucheza naye. Nilikuwa nikishona nguo za watu barazani, na yeye hakuwa na nguvu ya kwenda popote, basi akanifundisha. Sheria zake hazina shida. Mnapokezana kuweka kete kwenye makutano ya mistari, mweusi anaanza, na kete ikishawekwa haihami. Ukizungukwa pande zote unaliwa. Lakini mshindi si lazima awe aliyekula nyingi. Mshindi ni aliyezungushia eneo kubwa, kama mtu anavyotenga ngitili yake kwa ajili ya malisho ya kiangazi.

Kazi ilikuwa kwenye mwanzo. Tukishaweka kete kadhaa, Donatus alikuwa anasimamisha mchezo, anakunja mikono, ananiuliza, "Haya, Mama Wema. Nani yuko vizuri?"

Mimi nahesabu zilizoliwa. Nimezaliwa nikiona wanaume wanacheza bao, na kwenye bao mtu anayekula ndiye anayeringa. Namjibu, "Mimi. Nimekula zako mbili."

Atacheka mpaka kikohozi kimkamate. Nitamsugua mgongo, nitampa maji, na akishatulia ataanza upya kwa uvumilivu ule ambao wakati mwingine ulinikera. Alisema kabla hujahesabu chochote, uliza. Kona ni za nani? Maana kwenye kona unajenga kwa kete chache, na katikati ya ubao utamaliza kete zako zote bila kupata ukuta. Kundi gani halijatulia, halina pa kupumulia? Bwana Lin alimwambia kwao zile nafasi wazi zinazoizunguka kete wanaziita pumzi, na Donatus, yeye na mapafu yale, alilipenda jina hilo kwa namna iliyoniumiza. Uliza tena, sehemu gani ya ubao ni kubwa na bado ni tupu? Halafu mwisho, zamu ni ya nani?

"Watu wetu wa machimboni," alisema, "wakisikia jamaa kapata upande huu, wote wanakimbilia huohuo. Rashi. Wanabanana pale mpaka hapatoshi hata pa kuweka sururu. Na wewe unacheza hivyohivyo. Nikiweka kete, unaibandika yako ubavuni. Ondoa macho hapo penye kelele, Klara. Tazama ubao wote."

Jambo jingine alilonifundisha ni kuupanga mchezo upya baada ya kuuvuruga. Alikuwa anafuta kete zote kwa kiganja, kisha ananiambia rudisha. Mwanzoni nilidhani ananikomoa. Alisema kete iliyowekwa kwa sababu maalumu haitoki kichwani. Ukijua kwa nini iliwekwa, mkono wako wenyewe utaipeleka mahali pake. Ile usiyoikumbuka ni ile usiyoielewa.

Sasa nieleze habari ya Ushirombo, maana ndiyo iliyokuwa shina la yote.

Binti yetu Wema alichaguliwa kuingia kidato cha tano kwenye shule ya masista, Ushirombo. Wiki ya kuripoti iligongana na siku ambayo Donatus alitakiwa kurudi hospitali ya rufaa Mwanza. Nilimwambia aende Mwanza, mimi nitampeleka mtoto. Alikataa. Mzee Ngassa alikuwa ameshatamka kwamba binti akimaliza kidato cha nne inatosha, na katika ukoo ule Mzee akitamka, watu huanza kutafuta viatu vya kutekelezea. Donatus akaniambia, "Ukimpeleka wewe, watamrudisha kabla godoro lake halijapata joto. Nikimpeleka mimi, itajulikana baba yake ndiye aliyempeleka."

Nilimlilia. Nilipiga magoti, mimi ambaye sipigi magoti ovyo. Nikamwambia Mwanza kuna mashine za hewa, kuna madaktari. Akanijibu taratibu kwamba daktari alishamwambia mapafu yale hayarudi. Akapanda basi na mtoto na sanduku la bati, akavuta vumbi la barabara kwenda na kurudi, akaja akalala. Hakuinuka vizuri tena. Mwanza hatukwenda.

Nilimkasirikia mume wangu akiwa anakufa. Nalisema hivyohivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwosha, nilimlisha uji, na nilimkasirikia.

Katika mchezo wetu wa mwisho alicheza na nyeusi kama kawaida. Nilikuwa nimemshika vibaya upande wa kulia. Kete zake tatu zilibanwa na zangu, zinahangaika kutafuta njia. Zamu ikawa yake. Akafikiri sana, akaweka kete moja mahali fulani, akajiegemeza ukutani. "Nani yuko vizuri, Mama Wema? Usijibu haraka." Niliitazama kete ile nikadhani mkono umemponyoka. Nikasema tutamaliza kesho. Kesho yake hakuweza kukaa, na keshokutwa yake akafariki.

Siku ya kwanza ya msiba watu walitoa vyombo sebuleni ili wanawake wapate pa kulala. Ubao ukatolewa na kete zake juu, ukawekwa kona ya baraza, na mimi nikaufunika kanga. Siku ya pili wanaume walikaa nje chini ya turubai, na kama ilivyo misibani, baadhi walileta bao kuvuta muda. Kete zikapungua. Mzee Ngassa, ambaye tangu jana yake hakuwa amesema neno, akainuka, akaenda barazani, akafunua ile kanga na kuona komwe zake. Akazikusanya kwenye kofia, akaziacha zile nyeupe.

Nilipotoka na beseni la maji nikakuta ubao una nyeupe tupu. Mkono mzima wa Donatus ulikuwa umeondoka, umebaki wangu.

"Nani kachukua kete?" nikauliza.

Mzee akasema bila kugeuka, "Ni kete zangu, mayu." Hivyo ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, na hata heshima hiyo haikunipoza.

"Ulishampa! Ni za kwake! Zilikuwa zinazungumza pale, wewe umezizoa kama mahindi!"

Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni. Hampokei kitu mkononi wala haketi naye mkeka mmoja. Mimi nilimfokea nimemkazia macho. Asteria akaja akanishika mabega akanirudisha ndani, na huko ndani akanimalizia. "Wewe ndiye uliyemwacha kaka yangu aende kwenye mavumbi ya Ushirombo badala ya Mwanza. Na bado una mdomo wa kumgombeza baba? Kesho kwenye kikao utaeleza. Na huyo mtoto wako harudi huko. Atabaki hapa asaidie nyumbani."

Wema alikuwa amekaa pembeni ya mlango na sketi yake ya shule, maana ndiyo nguo nyeusi pekee aliyokuwa nayo. Hakulia. Alinitazama tu kuona nitajibu nini. Kikao cha ukoo kingekaa kesho yake alasiri. Wangeniuliza kwa nini Donatus alikwenda Ushirombo, nami nilikuwa sijui kwa nini, sijui kwa namna ambayo ingeweza kumtosha mtu yeyote, hata mimi mwenyewe. Na bila jibu hilo Wema asingerudi shule.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nafagia baraza nikaona Mzee anakuja na kofia yake mkononi. Nikapiga goti, nikainamisha macho. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mayu." Akaiweka kofia sakafuni, akarudi nyuma hatua kadhaa ili niichukue. Kete zilikuwa ndani. "Zirudishe mahali pake."

Nikasema hasira zikinirudia, "Baba, nani anajua mahali pake?"

"Si wewe mlikuwa mnacheza naye?"

Akaketi kwenye kigoda upande wa pili wa nguzo ya baraza, akanipa ubavu, macho yake kwenye ubao na si kwangu. Mimi nikakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Adabu ilibaki pale katikati yetu pamoja na ubao, ambao haukuwa umesogezwa.

Nikachukua kete ya kwanza. Hii nilijua, ilikuwa ya kona, Donatus huanza na kona ya kulia kwake. Nikaiweka.

"Kwa nini hapo?" Mzee akauliza.

Nilitaka kunyamaza. Lakini nikamweleza, kwamba kona ndiyo mahali pa kujenga kwa kete chache. Nikaweka ya pili, nikaeleza. Ya tatu niliiweka pembeni, hatua chache kutoka ile ya kwanza, na Mzee akakunja uso. "Mbona ameiacha mbali hivyo? Haijashikana na mwenzake."

"Hazihitaji kugusana, Baba. Zinaonana. Nikiingia katikati yazo nitaumia."

"Na hapa ulipomwekea yako, mbona hakukula?"

"Angekula moja, mimi ningezungushia upande mzima."

Akaguna. Alikuwa mchezaji wa bao anayeogopwa mpaka Kishapu, na kuacha kula kulimuuma kama ni mfuko wake umetobolewa. Lakini akaendelea kuuliza, nami nikaendelea kujibu, na kila nilipoeleza sababu, kete inayofuata ilikuja yenyewe. Nilisikia sauti ya Donatus ndani ya maneno yangu. Zile tatu zilizobanwa upande wa kulia niliziweka moja baada ya nyingine, na nilipoziweka nikalia, nikafuta machozi kwa upindo wa kanga, nikaendelea.

Ikabaki moja mkononi.

Ile ya mwisho, aliyoiweka akajiegemeza ukutani. Niliitafuta kichwani nikakuta giza. Nikafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya. Niliiweka kulia, mbele ya zile tatu, kuzifungulia njia zitoke. "Hapa," nikasema. "Alikuwa anaziokoa."

Mzee akatikisa kichwa. "Yaya, la hasha, mayu. Hapo hapakuwa na kete."

"Baba, hukuwa ukijua hata unachokiokota."

"Nilichokuwa naokota nakijua. Niliokota kwanza ile ya peke yake. Jicho langu huanza na ya peke yake, ndivyo nilivyozoea. Ilikuwa huku, karibu na goti langu." Akanyoosha kidole kwenye kona ya kushoto, juu. Kona tupu kabisa, hakuna yangu wala yake.

"Haiwezekani," nikasema. "Ana kete tatu zinakufa pale. Tatu! Unaziachaje zife, unakwenda kuweka kete huko ambako hakuna mtu?"

Nilipomaliza kusema nikasikia nilichokisema. Ni maneno yaleyale niliyomwambia akiwa amelala kitandani, isipokuwa siku ile yalikuwa maneno ya Mwanza na Ushirombo.

Nikaitoa kete pale kulia. Nikaishika. Kisha kwa mara ya kwanza bila Donatus kuniuliza, nikajiuliza mwenyewe kwa mpangilio wake. Kona ni za nani? Moja yake, mbili zangu, na moja tupu. Kundi gani halijatulia? Zile tatu. Nikazifuata kwa kidole, njia moja baada ya nyingine, nikizikimbiza kichwani. Kila zilipokimbilia nilikuwa nipo. Kila kete ambayo angeongeza pale ingeliwa pamoja nazo. Si kwamba zilikuwa zinakufa. Zilikuwa zimekwisha kufa kabla hajaweka ile ya mwisho, ila mimi na macho yangu ya rashi tulikuwa bado tunazikodolea. Sehemu gani ni kubwa na tupu? Kona ile. Na kutoka pale, kete moja ilionana na zake zote za upande wa kushoto, na eneo lote likawa lake.

"Baba," nikasema. "Ni kweli. Ilikuwa hapo."

"Kwa hiyo zile tatu aliziacha."

"Aliziacha."

"Zikafa."

"Zilikuwa zimekwisha kufa, Baba. Yeye alijua. Mimi ndiye sikutaka kujua."

Kuku walikuwa wakiparua mbele ya turubai, na mtu fulani alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba. Mzee akauliza, bado ananipa ubavu, "Daktari alimwambia?"

"Alimwambia. Alisema mapafu hayarudi. Kule Mwanza wangempa hewa ya mashine alale nayo. Basi akachukua nguvu aliyobakiwa nayo akampeleka Wema."

"Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyemzuia asiende Mwanza."

"Nilimpigia magoti aende."

Akavuta pumzi ndefu, akaiachia. "Ng'wana wane," akasema, mwanangu, na hakuwa anasema nami. Bega lake likaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini, na kwa kuwa mila hainiruhusu kumgusa, nilikaa palepale mlangoni nikalia naye kila mtu upande wake.

Alipotulia nikaiweka kete ile sakafuni, katikati yetu, nikaondoa mkono. Akaiokota. Kwa vidole vyake vinene vya bao akaitafuta ile kona, akaiweka kwenye makutano ya mistari bila kukosea.

Alasiri kikao kikakaa. Asteria alisimama akaeleza mambo mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Alisema kaka yake alikufa kwa safari ya Ushirombo, na kwa hiyo mtoto aache shule, abaki nyumbani, maana shule hiyo imeshatugharimu mtu. Nilikuwa nimeshapanga kusimama. Nilikuwa nimeshikilia upindo wa kanga niinuke, na Wema ameshika kiwiko changu.

Mzee Ngassa akainua mkono. "Asteria, kaa. Kaka yako alikuwa amekwisha kufa kabla ya Ushirombo. Alijua hilo, na daktari alijua. Hakufa kwa sababu ya safari. Nguvu iliyobaki ndiyo aliyoitumia kwa safari." Akatazama chini. "Nilisema kidato cha nne kinatosha. Nilitazama vibaya. Wema anarudi shule, na mimi ndiye nitakayempeleka."

Asteria alifunika uso kwa kanga akaanza kulia, na mimi nikaenda nikakaa karibu naye, kwa sababu alikuwa amefiwa na kaka.

Waliondoka siku matanga yalipomalizwa, Mzee amevaa koti lake la kanisani, Wema na sanduku la bati. Nilisimama barabarani mpaka basi likaishia kwenye kona. Kisha nikarudi barazani. Turubai lilikuwa limeshakunjwa, viti vimerudishwa kwa wenyewe, na nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia ndani yake. Nikafunua ubao.

Nyeusi zote zilikuwepo. Nilizitazama zile tatu za upande wa kulia, na uchungu ukanipanda upya, kwa sababu kujua hakuondoi. Halafu nikaondoa macho pale. Nikautazama ubao wote, kona kwa kona, taratibu, bila haraka, kama alivyoniomba.

"Mweusi," nikamwambia. "Mweusi yuko vizuri, Baba Wema."

Kisha nikachukua kete nyeupe, maana zamu ilikuwa yangu.